Mawe ya nyumba iliyovunjwa: lijue jiwe kwanza, ndipo ununue kifaa cha kulikatia

Korosho zikishalipwa, huku kwetu Mtwara na Lindi nyundo hazilali. Mtu aliyeachiwa nyumba ya mawe na babu yake anaibomoa apandishe ya tofali, na mbele ya uwanja kunabaki lundo la mawe meupe yaliyoganda chokaa. Wiki hiyohiyo maswali yanaanza: "Fundi, mawe ninayo ya kutosha kibaraza na ngazi tatu. Ninunue grenda gani?" Swali hili nimelijibu kwenye simu, nimelijibu msibani, nimelijibu Mikindani kando ya barabara huku changu wangu wanaanza kunuka mkononi. Sasa naliandika.

Jibu langu huwa hilohilo: sijui, mpaka uniambie jiwe lenyewe. Wanaoanza karibu wote wanakimbilia grenda kubwa, ile mashine ya umeme ya kushika mkononi, yenye diski ya inchi 9, halafu wanakuja kugundua kwamba baadhi ya mawe yao yangekatwa na msumeno wa seremala.

Neno moja kuhusu asili ya mawe. Yakiwa ya nyumba yako au umeyanunua kwa mwenyewe, hayana shida. Ila nyumba ikiwa ya kale sana, uliza halmashauri na watu wa Mambo ya Kale kabla ya kuigusa, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Huko usiokote hata kipande cha kushikia mlango. Na usimtume kijana akang'oe matumbawe hai baharini eti mawe yamepungua.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Msumari wa inchi 4, limao moja, na sumaku. Sumaku ya spika mbovu inafaa kuliko zile ndogo za dukani.
- Tindo mbili, moja ya ncha na moja bapa, pamoja na nyundo ya kilo moja hadi kilo moja na nusu.
- Msumeno mzee wa mbao wenye meno makubwa, na tupa ya pembe tatu ya kuunoa.
- Grenda ndogo na diski ya almasi. Hivi usinunue leo. Soma mpaka hatua ya 5.
- Gunia lililojazwa mchanga nusu.
- Futi kamba, skwea, na penseli ya seremala au kipande cha mkaa.
- Ndoo mbili za maji na brashi ya nyaya.
- Miwani iliyoziba pembeni, vizibo vya masikio, viatu vilivyofunika vidole, na barakoa ya vumbi iliyoandikwa N95 au FFP2.

Kwenye barakoa sina utani. Khanga iliyofungwa puani, hata ukiikunja mara nne, inazuia vumbi unaloliona tu. Linalodhuru ni lile usiloliona. Jiwe la pwani lenyewe ni chokaa, lakini lipu ya mchanga iliyoganda juu yake, zege, na mawe magumu ya bara vina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika hauna tiba.

Hatua ya 1: Safisha, kisha tafuta chuma

Jiwe lililokaa ukutani miaka themanini limepigwa misumari ya kutundikia taa, picha, neti na kalenda za kila rais. Lisugue kwa brashi ya nyaya, bandua chokaa kwa tindo bapa, halafu pitisha sumaku polepole pande zote. Sumaku ikivuta popote, chora duara kwa mkaa na ukichimbue chuma hicho, au panga mkato wako upite mbali nacho.

Hatua hii niliwahi kuiruka mara moja tu. Jiwe lilikuwa zuri, limetoka kwenye stoo ya zamani Lindi mjini, na jioni ilikuwa inaingia. Diski ikakutana na msumari uliokatikia ndani. Grenda ilinirukia kifuani, na jino moja la diski likachomoka likatoboa bati la mlango wa karakana. Tundu lipo mpaka leo, kwenye usawa wa shingo yangu.

Chokaa ya zamani hutoka kwa urahisi, inapukutika kama ukoko mkavu. Lipu ya saruji iliyoongezwa miaka ya baadaye haitoki hivyo: ukiilazimisha, inaondoka na nyama ya jiwe. Iache, uikate pamoja na jiwe, lakini ujue kwamba italila diski lako haraka.

Hatua ya 2: Lihoji jiwe

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua msumari, kwaruza sehemu iliyo safi kwa nguvu ya kawaida. Unga unaotoka uudondoshee limao. Kisha ligonge jiwe kwa nyundo ndogo usikilize.

*Tumbawe laini.* Ni jepesi kuliko unavyotarajia, lina vitundu vidogovidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Msumari unazama. Unga unatoa povu kwenye limao. Wazee walilichonga kwa tezo, likiwa bado bichi kutoka majini, wakapata fremu za milango na mihrabu; likikauka linakuwa gumu zaidi, ila bado ni laini kwa kifaa cha leo.

*Jiwe la mwamba wa pwani.* Ndilo lililo nyingi katika kuta zetu. Zito, halina mpangilio, ndani unaona vipande vya kombe na matumbawe ya zamani vilivyoshikana. Msumari unaacha mstari mweupe lakini hauzami. Povu lipo. Ubaya wake ni kwamba jiwe moja lina sehemu ngumu na sehemu laini, kwa hiyo kifaa kinaweza kukuhama mkononi ghafla.

*Jiwe gumu la bara.* Aina ya yale majabali ya Masasi. Msumari hauachi mkwaruzo. Wenyewe ndio unaochakaa, ukaacha alama ya kijivu inayong'aa. Limao halifanyi kitu.

*Zege na tofali za saruji.* Unazijua. Nazitaja kwa sababu zinachanganyika kwenye lundo na zinakula diski.

Kuhusu mlio: jiwe zima likigongwa linaitika kwa sauti kavu, ya juu. Lenye ufa linajibu kwa sauti ya chini, kama debe lililojaa mchanga. La namna hiyo usiliweke chini ya grenda. Livunje ulitumie kujazia.

Panga mafungu manne uwanjani. Ukimaliza kupanga, utakuwa umeshajua unachohitaji kununua.

Hatua ya 3: Anza na vifaa vya mkono

Fungu la tumbawe laini halihitaji umeme. Lowesha jiwe, lilaze juu ya gunia la mchanga, kata kwa msumeno mzee. Vuta kwa urefu wote wa msumeno, usikandamize. Meno yataisha makali baada ya mawe machache. Ndiyo sababu nikasema mzee, na ndiyo kazi ya ile tupa. Ukikuta dukani msumeno wenye vichwa vya kabaidi (chuma kigumu sana) kwenye meno, ule wa kukatia tofali nyepesi, chukua. Unadumu mara nyingi zaidi.

Tindo inafaa kwa mafungu yote. Usinunue kwa kuangalia rangi. Zile zinazofuliwa kwa nondo zinauzwa bei nzuri, lakini ncha inapinda siku ya kwanza. Mhunzi akikufulia kwa spring ya gari na kuipa moto na maji inavyotakiwa, umepata kitu cha kumrithisha mtoto. Jaribu kwa tupa: ikiteleza kwenye ncha bila kung'ata, chuma kimeiva, ikila kirahisi, kirudishe.

Angalizo: kichwa cha tindo kikishachanua kama uyoga kwa kupigwapigwa, kikwangue kingo zake mpaka zinyooke. Vile vipande vinavyomeguka pale huruka kama risasi. Na unapoinoa kwenye jiwe la grenda, ichovye majini mara kwa mara. Ncha ikigeuka rangi ya samawati umeichoma, haitashika makali tena.

Hatua ya 4: Grenda, na ukubwa wake

Kwa karakana ya nyumbani, nunua ya inchi 4½ (milimita 115) au inchi 5 (milimita 125). Inazama kama sentimita 3 hivi, na ukikata kutoka pande mbili unapata sentimita 6. Bamba la kibaraza halihitaji zaidi ya hapo.

Ile ya inchi 9 inazama kama sentimita 6 na nusu, ni kweli. Lakini ina uzito wa kilo 5 na zaidi, inataka wati 2000 kwenda juu, na ikikurudi haikuombi radhi. Jenereta dogo la nyumbani haliiwashi. Nimewakuta watu wazima wamei­ning'iniza ukutani kama pambo, hawaigusi tangu siku ya pili. Ukiwa na jiwe nene, zunguka kwa grenda ndogo, halafu malizia kwa tindo. Nitaeleza kwenye hatua ya 8.

Dukani angalia vitu vitatu, wala usione haya kumsumbua muuzaji. Kikinga cha diski kiwepo, kikaze na kigeuke. Mpini wa pembeni uwepo. Swichi iwe inayozimika ukiiachia. Zile za kufunga zikabaki zimewaka ziache. Muulize pia kama kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, zinapatikana hapa mjini, maana hizo ndizo huisha kwanza.

Ipo na ndogo ya inchi 4, milimita 100, imejaa madukani. Si mbaya, ila tundu la diski zake kwa kawaida ni milimita 16, wakati za inchi 4½ na kuendelea ni milimita 22. Watu hununua diski ya tundu kubwa wakaifunga kwenye ekseli ndogo bila pete ya kujazia. Inapepea, na grenda inatetemeka mpaka meno ya mshikaji yanagongana.

Hatua ya 5: Diski

Kwa mawe nunua diski ya almasi. Ile nyembamba nyeusi ya chuma usiilete kwenye jiwe hata kama "ipo tu nyumbani". Na diski ya meno ya msumeno wa mbao usiifunge kwenye grenda kwa kazi yoyote ile duniani.

Diski za almasi ziko za sura tatu. Yenye mapengo inakata haraka, inajipoza kwa hewa, na inaacha ukingo wenye kukwaruza. Yenye mzunguko mzima usio na pengo ni ya marumaru: inakata safi lakini inataka maji muda wote. Ya katikati, yenye ukingo wa mawimbi, wanaiita tabo. Kwa jiwe la mwamba wa pwani mimi hutumia yenye mapengo kwa kupasua na tabo kwa mikato itakayoonekana.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Zile punje za almasi zimeshikiliwa na unga wa chuma uliogandishwa. Jiwe laini lenye mchanga linausugua ule mshiko ukaisha upesi, kwa hiyo linataka diski yenye mshiko mgumu. Jiwe gumu halisugui, linang'arisha, kwa hiyo linataka mshiko laini utakaomomonyoka na kutoa almasi mpya. Kinyume na akili ya kawaida, lakini ndivyo. Ukichukua diski ya graniti ukakatia zege bichi na tofali za mchanga, itaisha kama sabuni. Soma kwenye karatasi yake imeandikiwa jiwe gani. Diski isiyoandikwa chochote irudishe kwenye rafu.

Angalia na namba ya mizunguko. Diski ya milimita 115 huwa imeandikwa takriban 13,300 kwa dakika, ya milimita 230 takriban 6,650. Namba ya diski lazima ilingane na ya grenda au iizidi. Kwa hiyo usivue kikinga ili uingize diski kubwa kwenye grenda ndogo. Umeizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake, na usoni kwako hakuna kizuizi.

Kama utanunua pia zile diski za kusagia za unga uliogandishwa kwa gundi, tazama pete ya chuma katikati. Ina tarehe ya mwisho. Zinaharibika kwa unyevu, na unyevu wa pwani mnaujua.

Hatua ya 6: Umeme na maji

Maji yanaua vumbi, na maji na umeme havipatani. Grenda ya kawaida ya waya haikutengenezwa kumwagiwa maji, hata kama umeona kijana anafanya hivyo na chupa iliyotobolewa kifuniko. Njia yangu: loweka jiwe kwenye ndoo usiku kucha, litoe asubuhi, liache lichuruzike, kata likiwa na unyevu ndani. Vumbi linapungua sana. Halikomi, barakoa inabaki usoni.

Kuloweka kuna faida nyingine. Mawe ya nyumba za karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hiyo baadaye huchanua nyeupe na kubandua lipu. Badilisha maji mara kadhaa kwa siku tatu nne.

Ukitaka kukata kwa maji hasa, tumia mashine ya meza ya marumaru yenye beseni lake, au grenda iliyotengenezwa kwa maji, ichomekwe kwenye soketi yenye kinga inayokata umeme unapovuja. Waya wa ekstensheni uwe mnene na uukunjue wote. Ukiuacha umejiviringisha kwenye kibiringita huku grenda inanguruma, unapata moto ndani yake.

Hatua ya 7: Mahali

Nje, kivulini, mbali na jiko na kamba ya nguo. Simama upepo ukupige ubavuni. Watu hupenda kuupa upepo mgongo, lakini hapo vumbi linazunguka mbele ya kifua na kupanda usoni. Kusi ikivuma mimi hugeuza gunia langu. Kaskazi ikiingia naligeuza tena.

Jiwe la ukutani halina upande ulionyooka, kwa hiyo klampu hailikamati. Lizamishe kidogo kwenye gunia la mchanga mpaka lisicheze. Usilikanyage kwa mguu ndiyo ukate. Naona hili kila wiki, tena kwa mafundi wenye umri wangu.

Hatua ya 8: Kata

1. Chora mstari pande zote nne kwa skwea, si juu tu.
2. Funga diski kwa kufuata mshale wake. Washa, iache izunguke dakika moja ikiwa imeelekea mahali pasipo na mtu. Ikitetemeka, zima.
3. Simama pembeni ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake. Shika kwa mikono miwili.
4. Pitisha mara ya kwanza kwa kina cha milimita 2 au 3 tu. Huu ni mfereji wa kuongoza. Ukinyooka huu, mengine yatanyooka.
5. Rudia, kila mara ukizama milimita 5 hivi. Acha uzito wa grenda ufanye kazi. Ukiwa umekata nusu dakika, inyanyue izunguke hewani sekunde kumi ipoe.
6. Usipinde diski ndani ya mfereji. Kata mstari mnyoofu tu. Mviringo unapatikana kwa mikato mingi mifupi na tindo.
7. Ligeuze jiwe, kata upande wa pili, kisha pande mbili zilizobaki.
8. Likibaki na kiini katikati, weka tindo bapa ndani ya mfereji, gonga taratibu ukizunguka. Gonga mara moja moja kila sehemu. Utasikia sauti ikibadilika kutoka kavu hadi nzito. Hapo limeshaachia, pigo moja zaidi na linafunguka.
9. Zima, subiri diski isimame kabisa ndipo uilaze chini.

Anza na mawe mabaya. Matano ya kwanza yatakuwa ya kujifunzia, utake usitake.

Mambo yakienda kombo

*Diski inang'aa, inapiga kelele, haikati.* Imeziba makali. Kata tofali la saruji lenye mchanga mwingi mara tatu nne bila kuzama sana, almasi mpya zitatokea. Ikirudia hali hiyo baada ya jiwe moja, umenunua diski yenye mshiko mgumu kwa jiwe gumu.

*Inatoa cheche na kubadilika rangi ukingoni.* Unakandamiza, au hukuipa nafasi ya kupoa. Iache ipoe hewani, usiichovye majini ikiwa ya moto, itapinda.

*Ukingo wa jiwe unameguka.* Mfereji wa kwanza ulizama mno. Kwenye jiwe lenye kombe nyingi, bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari kabla ya kukata, na umalizie ukingo kwa kuusugua na kipande cha jiwe jingine.

*Diski inanasa.* Jiwe linajifunga juu yake kwa sababu limeegemea ncha mbili na katikati ni tupu. Ongeza mchanga chini ya katikati, mkato upate kufunguka badala ya kufumba.

*Msumeno unakwama kwenye tumbawe.* Unga umeloa na kuganda. Mwagia maji, vuta taratibu mpaka utoke, sukutua meno.

*Grenda imepoteza nguvu jioni.* Kabla ya kuipeleka kwa fundi umeme, angalia taa za ndani. Zikiwa hafifu, ni umeme wa mtaa. Subiri, maana mota inayolazimishwa kwenye umeme mdogo inaungua. Taa zikiwa sawa na ndani ya grenda kuna cheche nyingi za bluu, kaboni zimeisha. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja.

*Jirani analalamika.* Ana haki. Kata kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri, na vipande vidogo vilivyobaki mpelekee ajazie dimbwi la mlangoni kwake kabla masika hayajaanza.